Bustani ya nyumbani ukihamia Dar es Salaam, Dodoma au Njombe: ubadilishe nini kwanza?

Mtu akihama nyumba hubeba jembe, keni na mbegu alizozoea. Hubeba pia kalenda ya mji aliotoka, na hiyo ndiyo inayoua bustani mpya. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zilizozoea kuchuma mchicha na matembele uani Dar es Salaam zimejikuta kwenye kiwanja chenye udongo mgumu, upepo mkavu na miezi saba bila mvua. Wengine uhamisho umewapeleka Njombe au Mbeya, ambako mvua ipo ya kutosha lakini mchicha wa Juni unakaa ardhini bila kukua.

Miji mitatu inayolinganishwa hapa inasimama kwa kanda tatu. Yanayosemwa kuhusu Dar es Salaam yanafaa kwa sehemu kubwa ya pwani, ikiwemo Zanzibar, Tanga na Mombasa. Ya Dodoma yanafaa Singida na maeneo mengine makavu ya katikati ya nchi. Ya Njombe yanafaa Mbeya, Makete, Mufindi na, kwa kiasi, milima ya Lushoto.

Wengi wakifika mji mpya huuliza kwanza, "Huku mboga gani zinastawi?" Ni swali la tatu kwa umuhimu. La kwanza ni umbo la tuta, la pili ni maji. Ukiyapatia hayo mawili, orodha ya mboga utakayoweza kulima ni ndefu kuliko wenyeji watakavyokuambia. Ukiyakosea, hata mboga ya kienyeji itakushinda.

| | Dar es Salaam | Dodoma | Njombe |
|---|---|---|---|
| Mwinuko | karibu usawa wa bahari | takriban mita 1,100 | takriban mita 1,900 hadi 2,000 |
| Mvua kwa mwaka | takriban mm 1,100 | takriban mm 550–600 | zaidi ya mm 1,000 |
| Misimu ya mvua | miwili: masika (Machi–Mei) na vuli (Oktoba–Desemba) | mmoja: Desemba–Aprili | mmoja: Novemba–Mei |
| Tatizo la udongo | mchanga usioshika maji wala mbolea | ukoko juu, tabaka gumu chini, mahali pengine chumvi | tindikali, upungufu wa fosforasi |
| Tuta linalofaa | la kunyanyua wakati wa mvua, la kawaida wakati wa kiangazi | la makingo, chini ya usawa wa ardhi | la kunyanyua, limekingama mteremko |
| Fedha ya kwanza iende | kwenye samadi | kwenye tangi na matandazo (majani ya kufunika udongo) | kwenye chokaa ya kilimo |
| Mchicha kuanza kuvunwa | wiki 3 hadi 4 | wiki 4 hivi | wiki 6 hadi 8, miezi ya baridi zaidi |

Mstari wa fedha ya kwanza ndio unaopuuzwa kuliko yote. Aliyetoka Dar hufika Dodoma akanunua samadi lori zima, kwa sababu huko alikotoka samadi ndiyo ilikuwa dawa ya kila kitu. Samadi bila maji Dodoma hukaa ikavu, haiozi, na mizizi haipati chochote. Aliyetoka Dodoma naye hufika Njombe akanunua tangi, wakati kinachomzuia si maji bali udongo mchachu.

Pima kabla ya kuchimba

Vipimo viwili vya bure vinakuonyesha mengi kuhusu udongo wa kiwanja kipya.

Cha kwanza ni shimo. Chimba kina cha sentimita 30 na upana wa sentimita 30, jaza maji, acha yaishe, kisha jaza tena na utazame saa. Kwenye mchanga wa pwani maji ya mara ya pili yanaweza kuisha ndani ya robo saa: maana yake mbolea nayo itashuka hivyo hivyo. Njombe mara nyingi huchukua saa moja hadi tatu, na hiyo ni nzuri. Dodoma ukikuta maji bado yamesimama baada ya saa nne au tano, chini kuna tabaka gumu, na lisipovunjwa mizizi itageukia pembeni.

Cha pili ni chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa angavu, ongeza maji na tone la sabuni ya maji, tikisa kwa nguvu, weka mezani usiku mzima. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili, tope laini hufuata kwa saa chache, mfinyanzi hutua mwisho kabisa. Soma tabaka kwa rula. Mchanga ukizidi robo tatu ya urefu wote, uko kwenye tatizo la pwani hata kama nyumba iko bara.

Tindikali na chumvi havionekani kwa macho. Kwa hivyo vipimo vya maabara vina thamani yake, hasa Njombe na Dodoma. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Mlingano, Tanga, hupima udongo. Ofisa ugani wa kata atakuelekeza palipo karibu zaidi. Chukua udongo wa kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu tano za bustani, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, kisha peleka nusu kilo.

Tuta: juu, chini au sawa na ardhi

Hapa ndipo wahamiaji wengi hukosea, kwa kuwa tuta lililonyanyuliwa limezoeleka hadi watu hudhani ndilo bustani yenyewe. Kazi ya tuta la kunyanyua ni kuondoa maji. Kulijenga Dodoma mwezi Juni ni kuutandaza unyevu mdogo ulionao upigwe na upepo pande zote nne.

Tuta la makingo la Dodoma hutengenezwa hivi. Pima upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Urefu ni wowote, ingawa mita 3 zinatosha kwa kuanzia. Jioni ya kuamkia siku ya kazi, mwaga ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita ya mraba, la sivyo sululu itaruka tu. Asubuhi ondoa udongo wa juu kwa kina cha sentimita 15 na uuweke pembeni. Vunja tabaka la chini kwa sululu, sentimita 20 hadi 25 zaidi, bila kulitoa nje. Rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba, na uache uso wa tuta uwe chini ya ardhi kwa sentimita 10 hadi 15. Udongo uliobaki ujenge kingo kuzunguka tuta. Acha mdomo mdogo upande wa chini: mvua ya Januari Dodoma inaweza kuja yote kwa saa moja, na tuta lisilo na mdomo hugeuka bwawa linalozamisha miche.

Samadi ya Dodoma hupatikana kwa urahisi kwa kuwa wafugaji wako jirani, lakini ile inayochotwa zizini moja kwa moja ina chumvi ya mkojo na mbegu za magugu. Ilundike, iloweshe, ifunike kwa turubai miezi miwili au mitatu. Mboji nayo itengenezwe shimoni, si kwenye lundo la juu, kwa sababu lundo hukauka kabla ya kuoza. Jaribio ni kukamata mboji ya kiganja kimoja na kuikamua: ikitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha.

Shimo moja moja kwa kila mmea ni njia nyingine, na kwa mimea mikubwa inalipa zaidi kuliko tuta. Wakulima wa Dodoma wanajua mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha Chololo mkoani humo, ambayo hukusanya mvua kidogo na kuielekeza kwenye mtama au uwele. Uani, kanuni hiyo hiyo inafaa kwa maboga, nyanya chungu na mipapai.

Dar es Salaam tuta linabadilika mara mbili kwa mwaka. Kabla ya masika linyanyue sentimita 20 hadi 25, na njia kati ya matuta, upana wa sentimita 40, ndiyo iwe mfereji. Mchanga hubomoka, kwa hiyo shikilia kingo kwa matofali au magogo ya mnazi. Masika ikiisha, lishushe liwe sawa na ardhi. Chini kabisa, kwenye kina cha sentimita 25 au 30, tandika makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku mbili na kumwagwa maji yake ya kwanza. Yanashika unyevu pale ambapo mchanga ungeuachia. Samadi iwe ndoo moja kwa mita mbili za mraba, na irudiwe kwa nusu ya kiasi hicho kila unapopanda upya. Kuweka ya mwaka mzima kwa mkupuo ni kuilipia mvua iichukue.

Njombe tuta linanyanyuliwa kwa sababu nyingine: udongo uliopanda hupata jua la asubuhi mapema na kupasha joto mizizi. Sentimita 15 hadi 20 zinatosha. Likingame mteremko; likifuata mteremko, mvua ya Machi italiosha. Chokaa ya kilimo kilo 2 hadi 4 kwa kila mita 10 za mraba ichanganywe kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu, wiki tatu au nne kabla ya kupanda, na kiasi kamili kifuate kipimo cha maabara. Usiweke siku moja na samadi, kwani chokaa hutoa nitrojeni ya samadi ikapotea hewani. Zitenganishe kwa wiki mbili angalau. Kwa fosforasi, mbolea ya Minjingu inafaa hasa kwenye udongo wa tindikali, kwa kuwa tindikali hiyo ndiyo inayoiyeyusha.

Neno kuhusu majivu, kwa sababu kila nyumba inayopika kwa kuni au mkaa inayo. Njombe ni chokaa ya bure: gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba, yakiwa makavu. Dar weka kidogo, kiganja kimoja. Dodoma yaache jikoni, kwa maana udongo mwingi wa huko hauna uchachu wa kuondoa, na majivu huongeza chumvi juu ya chumvi.

Hesabu ya maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hesabu nyingine zote zinatoka hapo.

Bustani ya mboga Dodoma wakati wa kiangazi hutumia lita 5 hadi 6 kwa mita ya mraba kwa siku. Matuta matatu ya mita 3 kwa 1, pamoja na mashimo machache, yaani kama mita 10 za mraba, yanataka lita 50 kwa siku: madumu mawili na nusu. Kuanzia Mei hadi Novemba ni siku 214, sawa na lita 10,700. Bati la nyumba lenye eneo la mita 100 za mraba, kwa mvua ya mm 570 na upotevu wa asilimia 20, hukusanya lita 45,600 kwa msimu. Maji yapo, basi. Kinachokosekana ni chombo. Tangi la lita 5,000 linakupa siku 100 kwenye bustani hiyo, la lita 10,000 linakufikisha karibu na mvua mpya. Kama fedha inatosha tangi la 5,000 tu, lima nusu ya eneo. Bustani ya mita 5 za mraba iliyoshiba maji inalisha nyumba kuliko ya mita 15 inayonyonywa na kiu.

Matandazo ya sentimita 5 hadi 8 hushusha mahitaji hadi lita 3 au 4 kwa mita ya mraba. Shida ya Dodoma ni mchwa, ambao hula majani makavu haraka kuliko unavyotandaza. Huvutwa zaidi na mabua makavu kuliko yenye unyevu, kwa hiyo mwagilia juu ya matandazo na si pembeni yake, au tumia samadi ya zamani na kokoto ndogo. Kunde au matembele yanayotambaa ni matandazo hai ambayo mchwa hawayasumbui sana, tena yanaliwa.

Namna ya kumwagilia nayo hutofautiana. Dar gawanya mara mbili, alfajiri na jioni, kiasi kidogo kidogo, kwa kuwa mchanga hauwezi kuweka akiba. Wakati wa ukungu wa masika acha ya jioni ili majani yasilale na maji. Dodoma fanya kinyume: mwagilia kwa wingi kila baada ya siku mbili, asubuhi, maji yazame sentimita 20. Maji ya visima vya huko mara nyingi ni magumu na yana chumvi kiasi. Ukinyunyiza kidogo kila siku, maji hupaa na chumvi hubaki juu kama unga mweupe. Njombe mara moja kwa siku tatu hutosha, saa nne asubuhi wakati jua limeshapasha udongo, si jioni ya Julai.

Maji ya kuogea yanafaa kwa migomba na mipapai popote. Ya kufulia kwa sabuni ya unga yanaweza kupita Dar, ambako masika huosha udongo. Dodoma sodiamu yake hubaki mwaka hadi mwaka na kuufanya udongo ugande. Na popote ulipo, yasiguse mboga zinazoliwa mbichi.

Mboga zipi, na lini

Kila mwinuko unapoongezeka mita 1,000, joto hushuka takriban nyuzi 6. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mboga, zaidi ya udongo.

Nyanya ni kipimo kizuri. Joto la mchana likipita nyuzi 32 hadi 35 na usiku likabaki juu ya 22, chavua hufa na maua hudondoka, hata mmea ukiwa wa kijani na mzima. Ndiyo maana nyanya za Dar zinazotoa maua Januari hazizai. Sia mbegu Aprili chini ya paa la nailoni, hamisha miche mwishoni mwa Mei, vuna Agosti hadi Oktoba. Dodoma usiku wa Mei hadi Agosti unashuka hadi nyuzi 13 au 16 hivi, hewa kavu, magonjwa ya majani machache: ukiwa na maji, ni mahali pazuri kwa nyanya kuliko Dar. Njombe mvua na ubaridi wa Desemba hadi Aprili huleta bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kumaliza tuta kwa wiki moja. Huko sia Julai ndani ya kibanda cha nailoni, hamisha mwishoni mwa Agosti baridi kali ikiwa imepita, mwagilia, na uvune kuanzia Novemba au Desemba. Tarajia siku 90 hadi 100 au zaidi tangu kuhamisha, si 70 za pwani. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa nchini mwaka 1997, si chotara, kwa hiyo mbegu yake unaweza kuitunza ukajaribu miji yote mitatu.

Kitunguu maji ndicho zawadi ya Dodoma kwa mtu wa pwani. Kitalu Machi hadi Aprili, kuhamisha Mei kwa nafasi ya sentimita 10 kati ya miche na 20 kati ya mistari, kuvuna Agosti na Septemba hewa ikiwa kavu kabisa, hata shingo zinakauka vizuri na vitunguu vinakaa miezi. Red Bombay, Red Creole na Mang'ola Red zinafaa kwa urefu wa siku zetu. Dar kitunguu hukua, lakini unyevu huleta baka la zambarau na shingo hazikauki. Wengi huishia kuvitumia majani.

Kabichi hufunga vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20. Njombe ni kazi rahisi karibu mwaka mzima. Dodoma inawezekana Mei hadi Agosti. Dar chukua chotara za joto, panda Mei, na ukubali vichwa vidogo. Au achana nayo, kwani nafasi ya kabichi moja inatoa mafungu kadhaa ya matembele. Viazi mviringo havitungi viazi usiku ukizidi nyuzi 20 hivi, kwa hiyo pwani si suala la juhudi. Kitunguu saumu vilevile kinataka baridi.

Mchicha, bamia, matembele, kisamvu na kunde ni mboga za joto. Dar unapanda tuta la mchicha kila baada ya wiki mbili: nusu kizibo cha soda cha mbegu kwa mita ya mraba, changanya na mchanga mkavu ili isirundikane. Dodoma mbegu hiyo hiyo itakwama chini ya ukoko. Ifunike kwa mboji iliyochekechwa badala ya udongo, tandaza nyasi nyembamba, na uziondoe siku ya tatu au ya nne miche ikichomoza. Njombe mchicha ni wa Oktoba hadi Machi. Miezi ya baridi waachie sukuma wiki, chainizi, karoti na njegere, na wala hutajuta, maana karoti ya Njombe haina mfano pwani.

Msimu wa mvua wa Dodoma una pengo lake: mara nyingi mvua hukatika wiki mbili au zaidi kati ya Januari na Februari. Mlenda, kunde na maboga huvumilia. Nyanya iliyopandwa kwa kutegemea mvua haivumilii. Wenyeji hukausha mlenda na majani ya kunde kivulini kwa ajili ya kiangazi, na kwa mwenye tangi dogo huo ndio mpango wa busara kuliko kuhangaika na mboga mbichi mwezi Oktoba.

Dalili zinazofanana, sababu tofauti

Majani ya chini yakigeuka njano Dar siku tano hadi saba baada ya mvua kubwa, nitrojeni imeoshwa. Vizibo viwili vya soda vya CAN, mbolea ya nitrojeni, kwa mita ya mraba, mbali kidogo na shina, vinarudisha rangi ndani ya wiki. Dodoma kingo za majani zikiungua kahawia kuanzia majani ya zamani, ni chumvi. Kuongeza mbolea hapo ni kuongeza tatizo. Njombe majani ya chini ya mahindi au kabichi yakiwa zambarau, fosforasi haifiki, ama kwa tindikali, ama kwa baridi tu. Kama ni baridi, rangi hurudi yenyewe Septemba.

Mmea ukinyauka saa nane mchana Dodoma na kusimama jioni, usiuguse. Ukiwa bado umenyauka alfajiri, chimba uone. Dar mnyauko wa hivyo mara nyingi ni minyoo fundo: ng'oa mmoja, utaona mizizi ina vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, tofauti na vya kunde ambavyo hubanduka kwa ukucha. Tuta hilo lisirudie nyanya, bamia wala biringanya. Lipande marejea (mmea wa jamii ya kunde), yafukie yakianza kutoa maua, kisha lifuate mahindi au vitunguu.

Wadudu nao wana mji wao. Kantangaze, nondo wa nyanya aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2014, yuko kote lakini huzaliana upesi penye joto na ukavu, na dawa moja ikirudiwa huzoeleka; toa majani yenye michirizi uyachome na ubadilishe aina ya kiuatilifu. Utitiri mwekundu ni wa Dodoma: osha upande wa chini wa majani kwa maji ya mpira kila baada ya siku tatu. Inzi weupe ni wa Dar. Njombe mkulima wa nyanya na viazi hupulizia dawa ya ukungu kabla ugonjwa haujaonekana, kwa kipimo cha kibandiko, na huhesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Upepo, jua na sakitu

Ukuta wa matofali haukingi upepo wa Agosti Dodoma kama watu wanavyodhani. Upepo huupanda na kuanguka upande wa pili kwa kasi, na mchana ukuta wenyewe hurudisha joto. Kaa nao mbali mita moja, kisha weka uzio wa mabua au mstari wa mtama unaopitisha nusu ya upepo. Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 inasaidia Septemba hadi Novemba. Izidi hapo, nyanya zitarefuka bila kuzaa.

Njombe jua la Juni liko kaskazini. Saa sita mchana ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 2 upande wa kusini, na asubuhi na jioni zaidi ya hapo. Bustani ya baridi ikae kaskazini mwa nyumba.

Usiku wa Juni na Julai usio na mawingu wala upepo, hewa baridi hutiririka hadi mabondeni na sakitu, yaani umande ulioganda, hulala huko. Ndiyo gharama ya vinyungu, yaani bustani za mabondeni: vina unyevu kiangazi chote, lakini maharage, viazi, maboga na nyanya humo huamka vyeusi. Kabichi, sukuma wiki, njegere, karoti na vitunguu saumu hupita salama. Kwa mimea laini, mwagilia udongo mchana, funika jioni kwa kitambaa au nyasi juu ya fito, na ufunue jua likishika. Nailoni inayogusa jani huliunguza kama sakitu yenyewe.

Miti, na vya kubeba kwenye lori

Kwa miti hakuna ujanja wa tuta. Dar panda minazi, maembe, ndimu na parachichi za kienyeji za pwani. Dodoma panda komamanga, mlonge, embe la kubebesha na mzabibu, ambao hapo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu huo huo ukihamishiwa Dar humalizwa na ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Njombe ni parachichi za Hass, matofaa na plamu, kwenye mteremko na kamwe si bondeni.

Usisafirishe mche ukiwa na udongo wake kutoka pwani. Minyoo fundo na mnyauko bakteria husafiri humo. Vikonyo vya matembele vya sentimita 25 hadi 30, vilivyooshwa na kufungwa kwenye gazeti lenye unyevu, huvumilia siku tatu barabarani. Mbegu ziwe kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana, na nusu kikombe cha mchele uliokaangwa ukapoa chini yake ili unyonye unyevu. Mbegu ya kitunguu iliyokaa Dar mwaka mzima bila kufungwa vizuri, jaribu kumi kwenye kitambaa chenye maji kabla ya kuitegemea. Zikiota chini ya sita, nunua nyingine.

Ukifika katikati ya msimu, anzia ulipo. Dodoma mwezi Agosti bila tangi, chimba matuta na mashimo, oza samadi, ungoje Desemba. Njombe mwezi Juni, weka chokaa na usie karoti. Dar mwezi Aprili mvua ikiwa imeshika, panda matembele kwenye tuta la juu na utayarishe kitalu cha nyanya chini ya paa.